Mchagua Jembe si Mkulima

Methali hii yatufunza kwamba mtu mwenye nia hufanya kazi kwa kifaa alichonacho. Mfano mzuri tunao hapa jirani.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka wa 1932. Alikuwa makanika kabla ya kupata sifa ya udereva. Mwaka wa 1965 aliingia Safari Rally na nduguye Jaswant, wakiendesha Volvo PV544. Gari lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa limeshapondwapondwa katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Wengine wangelikataa, lakini fundi hutazama injini, hatazami rangi. Mbio zile zilifanywa wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha, na nyinyi mnalijua tope la huku kwetu! Magari mengi yalikwama au kuharibika njiani. La Joginder likafika la kwanza.

Alishinda tena mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, akawa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Aliingia mara 22, akamaliza 19. Alifariki London mwaka wa 2013.

Basi, sisi je? Mtihani ukitushinda twasema eti kitabu kilikuwa kikuukuu, eti taa ilikuwa hafifu. Jembe tunalo, tulime.

Zoezi
1. Kwa nini ufundi ulimfaa Joginder?
2. Taja methali inayopingana na hii.
3. Tunga kisa kifupi kinachooana na methali hii.