Mbegu Moja, Sampuli Mbili: Usampulishaji wa Nasibu katika Tarakilishi Tofauti

Utangulizi

Katika utafiti wa lugha, sampuli ya nasibu hutumiwa ili kila mmoja katika kundi linalochunguzwa awe na nafasi sawa ya kuteuliwa. Awali majina yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa kofiani na kuchanganywa. Siku hizi kazi hiyo imekabidhiwa tarakilishi. Hata hivyo, mtafiti anayedai kuwa aliteua wahojiwa 40 kati ya wanafunzi 400 kwa nasibu sharti aweze kulithibitisha dai hilo. Mtahini akirudia uteuzi katika tarakilishi yake na kupata majina mengine, atajuaje kwamba mtafiti hakujichagulia marafiki? Makala haya yanafafanua chanzo cha tofauti hizo na namna ya kuziepuka.

Nasibu Bandia

Programu za takwimu hazipigi kura kama ya vikaratasi. Huanza na nambari moja iitwayo mbegu, kisha hufuata kanuni maalum kuzalisha nambari nyingine. Mathalani, chukua nambari, izidishe kwa 5, ongeza 3, gawanya kwa 16, kisha utwae baki. Mbegu ikiwa 7, jibu la kwanza ni 6, na yanayofuata ni 1, 8, 11, 10 na 5. Yeyote atakayeanza na 7 atapata msururu uo huo. Kwa hivyo, nasibu hii ni bandia: inaonekana kama bahati ilhali inaweza kurudiwa.

Kanuni hiyo ni ya kufundishia tu, kwani msururu wake hujirudia baada ya nambari 16. Kanuni ya Mersenne Twister, iliyochapishwa na Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura mwaka wa 1998, hutoa msururu ambao urefu wake ni nambari yenye tarakimu zaidi ya 6,000.

Mbegu Pekee Haitoshi

Watafiti wengi huamini kuwa kutaja mbegu kunatosha. Imani hiyo ina kasoro. R, lugha ya programu iliyoasisiwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ni mfano mwafaka. Tuseme watu wawili wanaandika amri zile zile: set.seed(123), kisha sample(1:10). Mwenye toleo la 3.5.0 atapata:

3 8 4 7 6 1 10 9 2 5

Mwenye toleo la 3.6.0, lililotolewa mwaka wa 2019, au la baadaye, atapata:

3 10 2 8 6 9 1 7 5 4

Wote wawili wameanza na 3, kisha wakaachana. Mersenne Twister haikubadilishwa; kilichobadilishwa ni namna ya kuzigeuza nambari zake kuwa uteuzi. Njia ya awali ilizidisha desimali kwa ukubwa wa orodha na kuiacha sehemu ya desimali. Katika orodha kubwa mno, baadhi ya walioorodheshwa walipata nafasi kubwa kidogo kuliko wenzao. Njia mpya huikataa nambari isiyofaa na kuchukua inayofuata. Mabadiliko hayo yaliimarisha usawa, lakini yalizifanya sampuli za zamani zisirudiwe kwa mbegu pekee.

Mpangilio wa Orodha

Aidha, tarakilishi huteua nafasi, si mtu. Nafasi ya 8 ikiteuliwa, mhojiwa ni yeyote aliye katika nafasi hiyo. Ilhali mpangilio wa alfabeti hutegemea lugha iliyowekwa katika tarakilishi. Moja huenda ikatanguliza herufi kubwa zote kabla ya ndogo, nyingine ikazichanganya. Hata ritifaa katika jina kama Ng'ang'a huweza kulisogeza jina hilo juu au chini ya Ngala. Mtu mmoja akihama, nafasi za wengine hubadilika pia.

Mapendekezo

Kwanza, kila mhojiwa apewe nambari ya kudumu, na orodha ipangwe kwa nambari hizo badala ya majina. Pili, orodha yenyewe ihifadhiwe kama ilivyokuwa siku ya uteuzi. Tatu, mbegu iamuliwe kabla ya matokeo kuonekana. Anayejaribu mbegu nyingi hadi apate sampuli inayompendeza ameiua nasibu. Nne, ripoti itaje programu, toleo lake na amri zote zilizotumika. Anayerudia kazi ya zamani katika R mpya aandike RNGversion("3.5.0") kabla ya kuweka mbegu. Hatimaye, orodha ya walioteuliwa ihifadhiwe pia, kwani programu huendelea kubadilika.

Hitimisho

Mbegu ni mwanzo tu wa uthibitisho. Orodha, kanuni, toleo na amri ndizo huikamilisha. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sampuli nayo, bila kumbukumbu kamili, hupotea pamoja na imani ya wasomaji wake.