Kazi Zaidi, Wasio na Kazi Zaidi

Katika mijadala ya shule yetu, mara kwa mara husimama kijana akasema, "Serikali iwaamuru waajiri waongeze watu, na ukosefu wa kazi utakwisha." Hupigiwa makofi mengi. Shauri hilo ni la kishujaa, wala si la kuchekwa. Tena limekwisha kujaribiwa na jirani zetu wa Kenya, nasi twaweza kujifunza kwa yaliyowapata.

Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na wakati huo watu wengi walikuwa wakitafuta kazi mijini wasipate. Mwanzoni mwa 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi walifanya mapatano ya pande tatu. Waajiri waliahidi kuongeza watu wao 10 kwa mia, na serikali 15 kwa mia. Vyama vikaahidi kwamba kwa muda wa mwaka mmoja havitadai nyongeza ya mshahara wala kugoma. Angalia, msomaji, jinsi kila upande ulivyotoa kitu chake. Si jambo dogo kwa mtu wa mshahara mdogo kusema: nitangoja, ili ndugu yangu naye apate.

Habari ilipoenea, watu walitoka vijijini kwenda kujiandikisha. Waliojiandikisha walizidi 200,000, na waliopata kazi hawakufika robo yao. Mapatano kama hayo yalirudiwa mwaka 1970 na tena 1979, lakini ukosefu wa kazi haukwisha.

Kwa nini? Mwaka 1970 wataalamu wawili wa uchumi, John Harris na Michael Todaro, waliandika maelezo ambayo husomwa mpaka leo. Walisema kwamba mtu aondokaye kijijini hatazami mshahara wa mjini peke yake. Hutazama pia bahati yake ya kuupata. Chukua kalamu tufanye hesabu. Hii ni ya mfano tu.

Kijijini mtu hupata shilingi 40, na mjini mwenye kazi hupata 100. Mjini kuna kazi 1,000 na watu 2,500. Basi bahati ya kila mtu ni 2 katika 5, na 2 katika 5 ya shilingi 100 ni shilingi 40, sawasawa na kijijini. Hakuna sababu ya kuhama. Wasio na kazi ni 1,500.

Sasa serikali yaongeza kazi 100. Bahati imekuwa nzuri kidogo, na watu wa vijijini wanasikia. Watakuja mpaka lini? Mpaka bahati irudi kuwa 2 katika 5, yaani mpaka mjini wawe watu 2,750. Toa wenye kazi 1,100: wanabaki 1,650. Kazi zimeongezeka 100, na wasio na kazi wameongezeka 150! Nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea.

Watu si tarakimu, najua. Wengine huhama kwa kufuata ndugu, wengine kwa kuchoshwa na jembe. Hata hivyo hesabu hii yatuonyesha mahali pa kutazama, napo ni kule atokako mtafuta kazi.

Bara Hindi walijaribu kuanzia huko. Sheria ya mwaka 2005 iliipa kila nyumba ya kijijini haki ya kudai siku 100 za kazi ya mikono kwa mwaka, kama kuchimba mabwawa na kutengeneza njia. Aliyeomba kazi asipopewa kwa siku 15 alistahili kulipwa posho. Ilianza 2006 katika wilaya 200, na kufika 2008 ilikuwa imeenea katika wilaya zote za mashamba. Haikukosa kasoro, mara nyingi malipo yalichelewa, na maskini hawezi kungoja malipo. Lakini kazi ilimfuata mtu kwake, naye hakulazimika kuifuata mjini.

Rudi sasa kwenye hesabu yetu. Kazi za mjini ni zile zile 1,100, lakini kwa bei nzuri ya mazao, au kwa kazi za namna hiyo, mtu wa kijijini apata shilingi 55 badala ya 40. Watu wa mjini watapungua mpaka 2,000, na wasio na kazi watakuwa 900. Atakayesimama katika mjadala ujao na atuambie shilingi hizo 15 zitatoka wapi.