Mama mkwe hajanuna, mdogo wangu

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu mama mkwe wako, nimekusoma. Unasema tangu augue Parkinson hacheki, salamu haitikii, asubuhi anafua kanga zake mwenyewe na mchana anataka kulishwa. Umechoka, na sikulaumu. Ila mama hajanuna, wala hajifanyi.

Ugonjwa huu huua polepole chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea. Ikipungua, misuli inakaza na kukawia, hata ya uso. Unamsimulia kichekesho, anakukazia macho tu, kumbe moyoni amecheka. Sauti nayo hufifia, kwa hiyo huenda aliitikia na wewe hukusikia. Zima televisheni, keti karibu naye, umwache amalize maneno yake.

Wengi tunajua kutetemeka tu. Kinachomchosha mgonjwa ni vitu ambavyo sisi hatuvifikirii: kufunga vifungo, kujigeuza kitandani usiku, kumenya kitunguu, kubonyeza namba ya siri ya simu kabla muda haujaisha. Halafu choo kigumu, na pua isiyosikia harufu ya mchuzi.

Sasa hilo la asubuhi na mchana. Dawa wanayopewa wengi, levodopa, hugeuka dopamini ubongoni, na nguvu yake hupanda na kushuka. Ikiwa na nguvu, anafua. Ikiisha, mkono haunyanyuki, na si kwa kupenda kwake. Ndiyo maana saa ya dawa ni saa ya dawa, hata kama kuna wageni. Nyama, samaki na maharage vinaweza kuipunguzia nguvu, hivyo kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya kula au saa moja baada yake. Pangeni na daktari wake, na msiikatishe ghafla, ni hatari.

Miguu ikimgandia mlangoni, usimvute mkono, ataanguka. Atulie kwanza, kisha mhesabie moja, mbili, tatu, ainue mguu. Utepe wa rangi uliobandikwa sakafuni, auvuke, huwasaidia wengi.

Wanaosema amerogwa usiwasikilize. Ni ugonjwa, ila wengi hawaujui: utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa wengi wa Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Naumia nikifikiria miaka waliyoishi hivyo. Na kama anaona haya kwenda harusini kwa sababu ya mkono, mkumbushe bondia Muhammad Ali: aligunduliwa na maradhi haya 1984, na 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Mvalishe, mwende naye. Chai mtilie nusu kikombe, isimwagike.

Na mumeo ashike zamu ya usiku. Huyo ni mama yake.