Homa ya Uti wa Mgongo, na Sindano Inayoogopwa

Ndugu mkulima, mtoto ameshinda vizuri, jioni akashikwa na homa, usiku akatapika na kulia kichwa. Wewe wasema ni malaria. Huenda ni kweli, kwa maana huku Likoni, Kisauni na Changamwe malaria twaijua. Lakini uko ugonjwa mwingine uanzao vivyo hivyo, nao hauna subira.

Jina la homa ya uti wa mgongo huwapoteza wengi, wakamsugua mgonjwa mgongo kwa mafuta. Ugonjwa hauko katika mifupa. Ubongo, pamoja na uti upitao ndani ya mifupa ya mgongo, umefunikwa na utando, na humo mna maji safi. Vijidudu ambavyo mara nyingi hukaa puani na kooni bila kudhuru mtu huweza kuingia katika damu na kufika kwenye maji hayo. Huzaana upesi, utando ukavimba, maji yakachafuka kama yaliyooshewa mchele. Ubongo nao huvimba, lakini fuvu ni gumu kama kifuu cha nazi, halitanuki. Basi ubongo hubanwa, na ndiyo sababu ya kichwa kuuma vibaya, kutapika, kuchukia mwanga, degedege na kupotewa na fahamu. Shingo hukakamaa, kwa kuwa kuiinamisha huvuta utando uliovimba.

Mtoto mchanga huenda shingo yake isikakamae. Tazama kama utosi umevimba, kama akataa kunyonya, kama analia zaidi akibebwa. Akishikwa na degedege wazee husema ni nyuni, akapelekwa kwa mganga kwanza. Mzee asiyekubali kuacha mambo ya nyuni na ayafanye baadaye, hospitali itangulie.

Huko daktari hutaka kuchota maji kidogo mgongoni, na hapo akina baba wengi hukataa, kwani wamesikia fulani alichomwa sindano hiyo akafa. Fikiri, ndugu. Huyo fulani alipelekwa akiwa katika hali gani, na baada ya siku ngapi? Uti wenyewe huishia juu ya kiuno, na sindano huingia chini ya hapo. Maji hayo ndiyo humwonyesha daktari kijidudu gani kimeingia na dawa gani itakiua. Vidonge vilivyobaki nyumbani havitoshi, tena huweza kuficha ugonjwa.

Anayechelewa, hata akipona, huweza kubaki kiziwi, au na kifafa, au mzito wa kujifunza. Aliyepona apimwe masikio. Nawe wa Likoni usingoje kupambazuke ili uvuke feri. Anzia hospitali ya Likoni usiku huo huo. Wa Changamwe wana Port Reitz.

Chanjo ipo. Tangu mwaka 2001 watoto wa Kenya huchanjwa dhidi ya kijidudu kiitwacho Hib, na tangu 2011 dhidi ya pneumokoka. Kwa jirani zetu wa Kilifi, watoto wenye ugonjwa wa Hib walipungua sana baada ya chanjo hiyo. Haizuii vijidudu vyote, kwa hiyo dalili zikitokea usiseme, "Huyu alichanjwa." Sindano hizo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kadi ikipotea, mpeleke kliniki hivyo hivyo.