Somo: Utenzi na Matendo Madogo ya Wema

Wengi wetu hudhani ya kuwa mtunzi hungoja jambo kubwa, vita au msiba au sikukuu, ndipo maneno yamjie. Lakini sivyo. Yafaa tutazame mambo mawili.

1. Habari za Mwana Kupona. Mwanamke huyu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepigana na Seyyid Said wa Unguja, akafa mwaka 1856. Mwaka 1858 Mwana Kupona, hali akiugua, alimtungia binti yake utenzi, nao wasomwa hata leo. Angaliweza kuimba vita vya mumewe. Asifanye hivyo, bali alimwita mtoto aje karibu na wino na karatasi, akamwusia mambo ya nyumbani: awe na adabu na ulimi mwema, ampepee mumewe alalapo, na mhitaji amjiapo afanye haraka kumtendea wema kadiri awezavyo. Mambo hayo ni madogo, lakini mama mgonjwa aliyaona yastahili nguvu zake za mwisho.

2. Habari zetu wenyewe. Siku moja hapa Ugweno tuliketi barazani kutunga wimbo wa shukrani ya mavuno. Mama mmoja mzee akapanda mlima, mgongo umeinama kwa mzigo wa kuni. Tulimsalimu kwa mbali tu, tusije tukapoteza kina tulichokuwa tukikitafuta. Kijana mchunga mbuzi akawaacha mbuzi wake, akaupokea mzigo, akaufikisha hata mlangoni pa yule mama, akarudi mbio wala hakungoja asante. Jioni karatasi yetu ilikuwa tupu. Tuliona haya, maana tulikuwa tukitafuta maneno ya shukrani, na shukrani yenyewe ilikuwa imepita njiani mbele ya macho yetu.

3. Mafundisho. Hatusemi ya kuwa mtu atende wema ili apate wimbo. Hiyo ni biashara. Twasema ya kuwa jicho lililozoea kumwona jirani ndilo lionalo neno la kweli. Wazee wetu walipotoka pamoja katika msaragambo, hakuna aliyeulizwa kama kazi yake ni kubwa au ndogo. Kila mtu alifanya sehemu yake, na maji yakafika shambani. Naye Bwana wetu hakukisahau hata kikombe kimoja cha maji baridi.

Kesho yake tulikwenda kwa yule mama, tukamchotea maji, tukamwomba radhi. Alicheka, akatukaribisha kitini. Wimbo tuliutunga baadaye, beti nne tu, nao wamtaja mchunga mbuzi.

Maswali ya kujibu nyumbani: Juma hili ni nani aliyetupokea mzigo, nasi hatukumshukuru? Tena ni nani aliyepita mbele yetu na mzigo wake, nasi hatukusimama?