Sanduku la Bati la Kale

Nansio ni mji mkubwa wa kisiwa cha Ukerewe. Atokaye Mwanza kwa meli huvuka ziwa, na mzigo wake wahitaji chombo kigumu. Kwa hiyo sanduku la bati la kale, likitengenezwa vema, lingali na thamani.

Lakini mnunuzi asidanganywe na rangi mpya. Bati ni bamba jembamba la chuma. Likipatwa na maji na hewa, hushikwa na kutu. Fundi mwaminifu husugua kwanza kutu yote, akaziba matundu, ndipo apakapo rangi. Fundi mvivu hupaka rangi juu ya kutu, nayo huzidi kula chuma kwa siri. Mama aliyeuza dagaa ili ampatie mwanawe sanduku la shule aweza kuona kitako kikibanduka bandarini, na vitabu vikianguka majini.

Basi, kabla ya kulipa, lifungue sanduku, uliinue kuelekea jua: nuru ipenyapo, maji nayo yatapenya. Jaribu bawaba na kitasa. Vuta mkono wake. Kiraka kilicho wazi hakipunguzi thamani kama kutu iliyofichwa.

Maswali
1. Kutu hutokana na nini?
2. Kwa nini mnunuzi huliinua sanduku kuelekea jua?