Kinyesi cha Kuku, Funza wa Nzi Chuma na Bei ya Dagaa

Mfugaji wa kuku wa Musoma, Bunda au Butiama analijua hili: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi wa dagaa hazivuti samaki, na bei ya dagaa wa kulishia kuku hupanda. Bandani nako kinyesi kinarundikana na majirani wanalalamika. Kinyesi hicho kinaweza kukupunguzia gharama ya dagaa, ukikitumia kufuga nzi chuma.

Ni nzi gani huyu? Ni mweusi, mwembamba, anafanana na nyigu lakini haumi. Akishakua hali chakula, hivyo hafuati sahani zenu. Huishi siku chache, hutaga mamia ya mayai, kisha hufa. Tunachofuga ni funza wake. Akikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini, yaani lishe ya kujenga mwili.

Nianze na vifaa gani? Beseni pana, kivuli kisichovuja, wavu, vipande vya boksi na glavu. Vingi vimo nyumbani. Kikubwa cha kununua ni beseni. Meza ya kuliweka isimamishe miguu kwenye makopo ya maji, sisimizi wasipande.

Mbegu, yaani mayai ya kuanzia, naipata wapi? Weka maganda ya matunda yaliyochacha kwenye ndoo iliyofunikwa wavu, kivulini. Juu ya wavu panga vipande vya boksi vyenye matundu. Jike hutaga kwenye nyufa karibu na chakula, si juu yake. Ukiona mayai, yaning'inize juu ya chakula cha vifaranga kilicholowanishwa. Yataanguliwa baada ya siku 4 hivi. Waache funza hapo siku 5 nyingine.

Nawalishaje? Beseni la sentimita 60 kwa 40 linatosha funza wachanga 10,000, nao hula kilo 15 za taka mbichi kwa siku 12. Wape kilo 5 siku ya kwanza, ya tano na ya nane. Kinyesi kiminywe mkononi: kikitoa matone machache, unyevu unatosha. Maranda ya bandani hayaliki, kwa hiyo changanya na mabaki ya mboga. Kinyesi kitupu cha kilo 15 hutoa takriban kilo 1 ya funza wabichi. Mabaki ya chakula hutoa zaidi.

Kinyesi gani nisitumie? Cha kuku wenye kideri au ugonjwa wowote, na cha kuku waliotoka kupewa dawa za minyoo, utitiri au viuavijasumu. Mizoga nayo izikwe, isiingie kwenye beseni.

Navunaje? Chekecha kabla funza hawajageuka weusi. Waoshe, wachemshe dakika 10, kisha waanike juani kwenye turubai safi mpaka wakatike kwa vidole. Usiruke kuchemsha: kinyesi hubeba vijidudu kama salmonela, vinavyowafanya kuku na watu waugue. Umoja wa Ulaya hauruhusu kabisa mifugo kulishwa funza wa kinyesi. Ukitaka usalama zaidi, funza wa kinyesi wape sato wa bwawani, na kuku wape waliokuzwa kwa maganda na mboga.

Usivune wote. Acha sehemu ya kumi wageuke nzi ndani ya kizimba cha chandarua kinachopata jua, maana hupandana kwenye mwanga. Hapo huhitaji kutafuta mbegu tena.

Kuku wale kiasi gani? Anza kwa kuondoa robo ya dagaa kwenye mchanganyiko na kuweka funza wakavu badala yake. Wakiendelea vizuri kwa wiki mbili, fika nusu. Pumba na mashudu ya alizeti vibaki palepale.

Nimuulize nani? Afisa mifugo wa kata yako. Butiama kuna pia Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Ukikusudia kuuza, muulize afisa masharti ya Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Wanyama ya mwaka 2010.

Anza na beseni moja. Andika kila shilingi uliyotoa, pima funza wakavu, kisha linganisha na bei ya dagaa wa uzito huohuo sokoni. Hesabu ikikubali, ongeza beseni la pili. Hata ikikataa, masalia yaliyoachwa na funza kwenye beseni yarundike yaive wiki chache, uyapeleke kwenye mchicha: ni mbolea nzuri.